Mirathi kuchukua miaka: faili la marehemu linakwama wapi?

Mama mdogo alikuwa na bahasha ya kaki iliyochakaa pembe zote, moja akaishona kwa uzi mweusi isizidi kuchanika. Ndani yake mlikuwa na cheti cha kifo cha mumewe, cheti cha ndoa, barua ya ajira ya miaka ya 1980, slipu tatu za mshahara, ofa ya kiwanja (barua ya kugawiwa, kabla ya hati), muhtasari wa kikao cha ukoo na kadi ya kliniki ya kitinda mimba wao, ambaye wakati huo hata shule hajaanza. Baba mdogo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Siku ya kwanza niliyomsindikiza mama mdogo kwenye ofisi moja ya umma, karani alizipitia karatasi zile taratibu, kwa heshima kabisa, kisha akasimamisha kidole.

"Mama, hapa imeandikwa Yohana. Hapa John. Na hapa kuna J tu. Marehemu ni yupi?"

Mama mdogo akamjibu, "Wote ni yeye, baba."

Karani akazipanga zile karatasi vizuri, akazirudisha kwenye bahasha, akamwambia akalete kiapo. Tulikuwa tumepanda basi saa 10 alfajiri. Saa 4 asubuhi tulikuwa tumeshamaliza shughuli, na hakuna kilichofanyika.

Familia nyingi za Tanzania Bara zina bahasha kama hiyo kabatini. (Zanzibar wana utaratibu wao, wenye Mahakama za Kadhi na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, nao unahitaji makala yake.) Watu husema kwa mkato kwamba serikali inachelewesha mirathi. Ni kweli inachelewesha, lakini ukitaka kujua faili lako limekwama wapi, lazima kwanza uone kwamba hapo hakuna serikali moja. Kuna hospitali au mtendaji wa kata anayetoa tangazo la kifo. Kuna RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, wenye cheti. Kuna mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi, yaani mtu wa kukusanya mali ya marehemu na kuigawa. Kuna mwajiri wa marehemu, kuna mfuko wa hifadhi ya jamii, kuna benki, kuna ofisi ya ardhi. Kila mmoja ana faili lake la marehemu yule yule, na kila mmoja anaianza hesabu siku unapofika kwenye dirisha lake. Yule mjane ndiye uzi pekee unaoziunganisha ofisi zote hizo, kwa nauli yake na kwa miguu yake.

Jina la marehemu

Nianze na jina, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapopotezea miezi ya kwanza bila kujua wanapigania nini.

Mtu aliyezaliwa kijijini miaka ya 1950 au 1960 hakupewa jina moja la kiserikali. Alipewa jina la ukoo na bibi yake, akabatizwa lingine au akapewa la Kiislamu, mwalimu wa darasa la kwanza akaliandika alivyolisikia, mwajiri akalifupisha, na benki ikachukua lile lililokuwa kwenye kitambulisho cha kazi. Kitambulisho cha Taifa cha NIDA kilikuja wakati wengi wao wanakaribia kustaafu. Akiwa hai, tofauti hizi hazikumsumbua, maana mwenyewe alikuwepo. Akifika dirishani na uso wake, na watu wanaomjua, John na Yohana wakawa mtu mmoja. Akishafariki, kinachobaki ni karatasi, na karatasi hazifahamiani.

Aliye hai akitaka kusahihisha majina yake anakula kiapo mwenyewe. Marehemu hawezi kula kiapo. Kwa hiyo ndugu au mjane ndiye anayekwenda kwa wakili au kwa hakimu kuapa kwamba majina haya matatu ni ya mtu mmoja, na hapo panazuka swali jingine: je, ofisi iliyodai kiapo itakikubali? Nimeona ofisi mbili zikitoa majibu mawili kwa kiapo kimoja. Ya kwanza ilikipokea. Ya pili ilisema inataka barua ya mwajiri kuthibitisha, na mwajiri akasema hawezi kuthibitisha jina ambalo halimo kwenye faili lake, wakati shida yenyewe ndiyo hiyo.

Cheti cha kifo nacho kina habari zake. Sheria inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Aliyefia hospitali ana nafuu, kwa sababu hospitali hutoa karatasi ya kwanza pamoja na kibali cha mazishi. Aliyefia nyumbani anategemea ndugu wakumbuke kumfuata mtendaji katikati ya msiba, wakati wanahangaika na sanda au jeneza, na wageni wanaendelea kuingia. Wengi hawakumbuki. Wanazika, wanamaliza matanga, wanafanya arobaini, kisha baada ya mwaka benki inauliza cheti ndipo safari inaanza. Na kwa kuwa wakati huo anayetoa maelezo ya marehemu ni yeyote aliyetumwa, jina linaandikwa kama alivyozoea kumwita. Mpwa humwita mjomba wake kwa jina la nyumbani. Jina la nyumbani likishaingia kwenye cheti cha kifo, linakuwa jina la nne.

Kikao cha ukoo

Hatua inayofuata ni mahakama, na kabla hujafika mahakamani utaambiwa ulete muhtasari wa kikao cha familia au cha ukoo kilichompendekeza msimamizi wa mirathi, wenye majina na sahihi za waliohudhuria. Makarani huuomba karibu kila mahali, na barua ya serikali ya mtaa au ya kijiji huambatanishwa nao.

Hapa nataka msomaji atulie kidogo. Hakuna sheria inayosema kwamba bila muhtasari huo ombi halipokelewi. Mahakama Kuu imeshalisema hilo zaidi ya mara moja: kikao ni busara nzuri ya kifamilia, kinasaidia mahakama kujua kama kuna ugomvi, lakini si sharti la kisheria. Anayeweza kuomba usimamizi ni yeyote mwenye maslahi katika mirathi, na mjane ana maslahi, na mtoto ana maslahi.

Kinachotokea mitaani ni tofauti. Kikao kinaitishwa na upande wa marehemu. Mashemeji na mawifi ndio wenye kalamu. Mjane aliyeolewa mbali na kwao anajikuta peke yake kwenye mkeka, akisubiri watu ambao wengine wana jicho kwenye shamba waamue kama wanamwamini. Wakichelewa kukutana, faili halifunguliwi. Mmoja akigoma kutia sahihi, karani anamwambia mama arudi "mkielewana." Miezi inapita hivyo, na kwenye kumbukumbu za serikali haionekani kama ni ucheleweshaji wake, kwa sababu shauri bado halijasajiliwa. Lakini ni wake. Ofisi ya umma inapodai karatasi isiyodaiwa na sheria, muda unaopotea kuitafuta karatasi hiyo ni mali ya ofisi hiyo.

Mahakama ipi, sheria ipi

Tanzania Bara haina sheria moja ya mirathi. Kuna sheria za kimila zilizoandikwa katika Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, kuna sheria ya Kiislamu, na kuna Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo mpaka leo ndiyo inayotumika kwa Wakristo na wengine waliokwisha kuacha kuishi kimila. Ya tatu humpa mjane theluthi moja na watoto theluthi mbili. Ya Kiislamu humpa mke thumuni, yaani sehemu moja ya nane, kama marehemu ameacha watoto. Ya kimila ya mwaka 1963 humpa kijana wa kwanza wa kiume fungu kubwa, mabinti fungu la mwisho, na mjane humwachia watoto wake wamtunze.

Mahakama ya Mwanzo, iliyo karibu na wananchi na nafuu kwa ada, ina mamlaka juu ya mirathi inayofuata mila au Uislamu. Mirathi ya Mkristo aliyeishi maisha ya mjini, asiyefuata mila za kwao, inakwenda Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu wa mwaka 1969, kipimo kimekuwa ni namna marehemu alivyoishi na alivyokusudia. Je, alikuwa akienda kwao? Alihusika na mambo ya ukoo? Alifunga ndoa wapi, alizikwa kwa utaratibu gani? Majibu hayo hupatikana kwa ushahidi, na dirishani hakuna anayeyauliza. Familia inakwenda mahakama iliyo karibu. Karani anapokea. Hakimu anateua. Mali inaanza kugawanywa. Baada ya miaka kadhaa ndugu mmoja asiyeridhika anakata rufaa, na mahakama ya juu inasema: marehemu alikuwa Mkristo wa mjini, Mahakama ya Mwanzo haikuwa na mamlaka, mwenendo wote umefutwa, anzeni upya.

Katika ucheleweshaji wote ninaoufahamu kwenye mirathi, huo ndio unaoniuma kuliko mwingine, maana familia haikukosea kitu. Ilipeleka shauri mlangoni kwa serikali, serikali ikalipokea na kutoza ada, kisha serikali hiyo hiyo ikasema mlango haukuwa wenyewe. Swali la dini na maisha ya marehemu lingeweza kuulizwa na kuandikwa siku ya kwanza, kabla ada haijalipwa.

Kuna shauri moja linaloonyesha vizuri jinsi muda wa mahakama unavyoweza kumla mtu. Wajane wawili wa Shinyanga, ambao kwenye kumbukumbu za kimataifa wanatajwa kwa herufi E.S. na S.C., walifiwa na waume zao wakiwa bado vijana, wakatolewa kwenye nyumba zao na ndugu wa marehemu kwa kutumia sheria ya kimila ya 1963. Walikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu hivyo. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba vifungu vinabagua, lakini ikasema mila haziwezi kubadilishwa kwa hukumu ya mahakama. Wakakata rufaa. Walisubiri miaka 4. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa yao bila kugusa hoja yenyewe, kwa sababu tarehe iliyoandikwa kwenye amri ya Mahakama Kuu ilikuwa na kasoro. Tarehe! Karatasi iliyotolewa na mahakama yenyewe, ikakosewa na mahakama yenyewe, na waliolipa gharama ni wajane. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake ilisema Tanzania ilikuwa imevunja haki zao, na ikataka walipwe fidia na sheria hizo zibadilishwe. Tangu Mahakama Kuu iwajibu hadi hapo ilikuwa imepita miaka 9.

Kuna mambo yaliyobadilika kwa wema. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, jambo kubwa kwa mjane aliyezoea kupewa karatasi asiyoweza kuisoma. Mwaka huo huo kituo jumuishi cha Temeke kilianza kushughulikia mashauri ya familia, mirathi ikiwemo, kikiwa na ngazi mbalimbali za mahakama mahali pamoja. Nimewasikia watu wa Dar es Salaam wakikisifia, na ninawaamini. Mjane wa wilayani bado anapigwa kalenda kama zamani: leo hakimu yuko kwenye semina, kesho mtandao hakuna, keshokutwa faili halionekani.

Saa inayomhesabia mjane

Sasa tuseme umevuka. Tangazo la mahakama limebandikwa, muda wa pingamizi umeisha, hakimu amekuteua, na umeshika Fomu Na. 4, barua ya usimamizi. Wengi hudhani hapo ndipo mwisho. Ukweli ni kwamba umepata ruhusa ya kuanza.

Sheria inakupa saa. Msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa ndani ya miezi 4 awe amewasilisha orodha ya mali na madeni pamoja na hesabu, ambazo watu wanazijua kama Fomu Na. 5 na Fomu Na. 6. Aliyeteuliwa chini ya Sura ya 352 ana miezi 6 ya kuleta orodha na mwaka 1 wa kuleta hesabu. Anaweza kuomba aongezewe muda. Asipofanya hivyo, anaweza kuondolewa, na ndugu wakimgeukia huwa na hoja mkononi: "Amepewa miezi minne, amekaa na mali miaka miwili." Hata kuchelewa kufungua kunadaiwa maelezo. Chini ya kanuni za Sura ya 352, ombi likiletwa baada ya miaka 3 tangu kifo, lazima lieleze sababu za kuchelewa.

Mtazame sasa aliyeishika mali. Mwajiri wa marehemu, mfuko, benki, ofisi ya ardhi. Taasisi za umma zina mikataba ya huduma kwa mteja, mara nyingi imebandikwa ukutani juu ya kichwa cha karani, ikitaja siku za kazi za kushughulikia madai. Zisome vizuri. Siku hizo huanza kuhesabiwa nyaraka zikishakamilika, na anayeamua kwamba zimekamilika ni ofisi yenyewe. Ukileta karatasi sita, unaambiwa inakosekana ya saba. Ukirudi na ya saba, umekuta karani mwingine, naye anataka ya nane. Kila karatasi mpya inairudisha hesabu mwanzo. Kwa vitabu vya ofisi, mama mdogo alihudumiwa kwa wakati, kwa sababu siku ile ya mwisho aliyoleta karatasi ya mwisho, malipo hayakuchukua muda mrefu. Ile miaka iliyotangulia haikuandikwa popote.

Hilo ndilo ninalotaka lieleweke kuliko yote katika makala hii. Sheria imeweka muda kwa mfiwa, ambaye hana mali mkononi, na ikamwachia nafasi yule aliyeishika mali ajipangie mwenyewe siku ya kuanza kuhesabu.

Kwenye mafao shida huwa ni kumbukumbu. Mtumishi aliyeajiriwa miaka 30 iliyopita alijaza orodha ya wategemezi akiwa kijana hajaoa, akaandika mama yake na mdogo wake. Hakuirudia tena. Mfuko ukifungua faili unakuta mama aliyekwisha kufariki na mdogo mwenye wajukuu, na mke hayumo wala watoto hawamo. Mwaka 2018 mifuko minne, yaani PSPF, LAPF, PPF na GEPF, iliunganishwa ikawa PSSSF, mfuko mmoja wa watumishi wa umma, na kumbukumbu za watumishi wa mifuko tofauti zikahamia mahali pamoja. Kwa mtumishi aliyehama kutoka halmashauri kwenda shirika, kisha wizarani, familia inaweza kutakiwa kuonyesha mnyororo mzima: barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, za uhamisho, za kupandishwa cheo. Barua hizi zote ziliandikwa na serikali. Nakala zake zimo, au zilipaswa kuwemo, kwenye mafaili ya serikali. Kwa nini anayetafutishwa ni mjane? Sijapata jibu linaloniridhisha.

Benki kuna zamu nyingine. Mara nyingi, kwa mirathi ya Mahakama ya Mwanzo, fedha za marehemu hazimwendei msimamizi moja kwa moja, bali huhamishiwa kwenye akaunti ya mahakama, kisha mahakama ndiyo inayowalipa warithi kwa mujibu wa mgawanyo. Utaratibu huo ulikuja kwa nia njema. Wapo wasimamizi waliochukua fedha zote wakahama mji, na yatima wakabaki wanauliza. Ninauunga mkono kwa sababu hiyo. Ila ni foleni juu ya foleni: barua kwenda benki, majibu ya benki, fedha kuingia, kila mrithi kufungua akaunti kwa jina linalofanana na lililo kwenye mgawanyo, mhasibu kuandaa malipo. Mrithi mmoja akiwa na jina lililopishana herufi moja, tumerudi pale pale kwa John na Yohana.

Ardhi

Kiwanja au nyumba yenye hati hupita hatua mbili, na watu wengi wanaijua moja tu. Kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, kwanza msimamizi anaomba kwa Msajili wa Hati aandikishwe kwa cheo chake cha msimamizi, mahali pa marehemu. Baada ya hapo ndipo anaweza kuihamishia kwa warithi. Kodi ya pango la ardhi lazima iwe imelipwa, na mara nyingi marehemu ameacha deni la miaka. Kama alikuwa na ofa tu na hakuwahi kupata hati, faili linaweza kutafutwa hadi watu wakate tamaa. Wengi wanaishia katikati. Wanaendelea kuishi kwenye nyumba yenye jina la babu, babu na baba wote wakiwa wamekwisha kufariki, na siku mjukuu akitaka kukopea au kuuza anaambiwa afungue mirathi mbili, moja juu ya nyingine.

Sitaki kuwatetea ndugu kupita kiasi. Familia nazo huchelewesha, na baadhi huchelewesha kwa makusudi. Kuna kaka mkubwa anayekusanya kodi ya nyumba ya marehemu na hana haraka hata kidogo. Kuna msimamizi aliyeteuliwa miaka 10 iliyopita na hajapeleka Fomu Na. 6, kwa hiyo mirathi haijafungwa, na kila anayezaliwa kwenye ukoo anakua akiukuta ugomvi. Lakini hata hapo mahakama ndiyo iliyomteua. Ina tarehe ya kuteuliwa, inaijua miezi 4 imeisha lini, na haihitaji kungoja mjane aje kulalamika ndipo imwite.

Unachoweza kufanya leo

Kama una bahasha yako, mambo machache niliyojifunza kwa kusindikiza. Kabla hujakwenda popote, ziweke karatasi zote mezani na uandike kila jina la marehemu kama lilivyo kwenye kila karatasi, kisha kula kiapo kimoja kinachoyataja yote kwa pamoja. Omba kila ofisi ikuandikie orodha kamili ya inachotaka, yenye jina la aliyeiandika na tarehe. Wakikataa kuiandika, andika wewe mbele yao na uwaombe wagonge muhuri wa kupokea. Ile orodha ndiyo saa yako. Mashemeji wakigoma kutia sahihi, nenda mahakamani hivyo hivyo na ueleze kwamba wamegoma. Wana haki ya kuja kuweka pingamizi mbele ya hakimu, hawana haki ya kulizuia ombi wakiwa nyumbani kwao. Faili likitoweka au kalenda ikizidi, andika barua kwa hakimu mfawidhi na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Familia ikishindwa kabisa kupatana, Kabidhi Wasii Mkuu, aliye chini ya RITA, anaweza kuombwa asimamie.

Usitoe fedha kwa mtu anayesema analifuatilia faili. Wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na taasisi kama WLAC, kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake, na TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, zimewasaidia wanawake kwenye mirathi kwa miaka mingi. Wosia nao unasaidia sana, na RITA hupokea na kuhifadhi wosia wa watu walio hai. Hauondoi mahakama, kwa sababu msimamizi aliyetajwa bado lazima athibitishwe, na kwa Mwislamu hauwezi kuvuka theluthi ya mali. Lakini unamaliza ule ubishi wa nani asimamie, na ubishi huo peke yake huweza kula mwaka.

Kwa upande wa serikali ninaomba mambo mawili tu, na yote mawili hayahitaji jengo jipya. Ofisi itoe orodha ya nyaraka mara moja, kwa maandishi, na isiruhusiwe kuongeza nyingine baadaye bila mkuu wake kutia sahihi na kueleza kwa nini. Na karatasi iliyotolewa na ofisi ya umma isidaiwe kwa mfiwa na ofisi nyingine ya umma. Waandikiane wao kwa wao.

Mafao ya baba mdogo yalitoka mwaka wa tatu. Mama mdogo alilipa madeni ya duka na ada za watoto, akaezeka upya nyumba. Kiwanja bado, na huu ni mwaka wa tisa. Kitinda mimba wake sasa yuko darasa la saba. Majina ya watahiniwa yalipoanza kuandikwa, mama mdogo alikwenda shuleni mwenyewe na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, akamwomba mwalimu amsomee lile la kwenye orodha, herufi moja baada ya nyingine, huku yeye akifuata kwa kidole kwenye cheti.